Mlango wa Barabarani

Mhadhara uliotolewa Bujumbura mbele ya viongozi na vijana wa jumuiya za ibada



Nyumba ya maombi niliyokulia, katika kartie moja ya kaskazini mwa mji huu, ilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama barabara, mwingine ulitazama uani. Nilipokuwa mtoto, ule wa barabarani ulikaa wazi tangu wimbo wa kwanza mpaka sala ya mwisho. Mama muuza ndagala alikuwa akitua beseni lake kizingitini, akasikiliza kidogo, kisha akajitwika na kwenda zake. Walevi waliingia. Watoto wa Kiislamu waliokuja kutuita mpirani walikaa benchi la mwisho kutusubiri, na mara nyingine waliimba pamoja nasi kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu. Kiangazi kimoja vumbi likazidi, mlango ukaanza kurudishwa ibada inapoanza. Baadaye jirani akafungua baa, muziki ukawa unaingia mpaka mahubiri hayasikiki, mlango ukatiwa komeo. Mwaka uliofuata wezi wakabeba spika zetu. Fundi akaitwa, akapiga misumari sita, mitatu juu na mitatu chini. Tangu hapo tukawa tunapitia uani, na kufika uani sharti upenye uchochoro ulio kati ya kuta mbili. Asiyeujua uchochoro ule hawezi kuukisia.

Hakuna kikao kilichokaa kikaamua kwamba jumuiya yetu ijifunge. Kila msumari ulikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli. Miaka kumi baada ya hapo nilijaribu kuhesabu wageni tuliowapata tangu mlango ule upigwe misumari. Sikumpata hata mmoja ambaye hakuzaliwa na mmoja wetu au kuoana na mmoja wetu. Na kila Jumatano jioni tuliuombea mji huu wote, kwa machozi ambayo hayakuwa ya kuigiza.

Ndilo swali lililonileta hapa. Kwa nini watu walioguswa na jambo kubwa, wakatamani kila mtu aguswe nalo, huishia kukaa peke yao? Majibu ya haraka yapo mengi: wamejaa kiburi, wanadanganywa na viongozi wao, hawakusoma. Nimeishi ndani ya jumuiya za namna hii kwa muda mrefu kiasi kwamba majibu hayo hayanitoshi. Kiburi huja, lakini huja baadaye. Mwanzo wa kujifunga, kwa jinsi nilivyouona, ni upendo, kisha jeraha. Nitaanza na upendo.

Mnamo Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, tabibu Mwingereza aliyeitwa Joe Church alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Church alikuwa ametoka hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho. Wale wawili walikaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Kutokana na urafiki ule, na kutokana na mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, aliyekwenda kufundisha Gahini, ukawaka moto ambao Wakristo wa Afrika Mashariki wanauita Uamsho. Kwetu Burundi ulipita kwenye misheni za Kianglikana zilizofunguliwa katikati ya miaka ya 1930 huko Buhiga na Matana. Ulifika Bukoba, ukafika Kenya, na wimbo wake wa Tukutendereza ukavuka mipaka bila kuomba kibali.

Kilichokuwa kipya katika Uamsho hakikuwa mafundisho. Kilikuwa ni chumba. Watu walikaa pamoja, mmoja akasimama akasema dhambi yake kwa jina lake: niliiba mabati ya misheni, nilimpiga mke wangu, nilimchukia mzungu. Mzungu naye akasimama akasema alivyomdharau mpishi wake, na mpishi yumo chumbani. Mtu aliyekuwa amebeba mzigo huo miaka ishirini akautua mbele ya wenzake, nao wakamwimbia. Ndugu zangu, aliyewahi kuwa katika chumba cha namna hiyo anaelewa kwa nini mtu hataki kutoka. Walikuwa na neno lao kwa hali hiyo: kutembea katika nuru.

Lakini chumba hicho kinahitaji amana. Siwezi kusema niliiba mabati mbele ya mtu atakayekwenda kunishitaki kesho. Kwa hiyo taratibu, na kwa haki kabisa, watu wanaanza kuangalia nani yumo. Lugha nayo inakomaa. Kuvunjika, kuoshwa, nuru, kila neno likapata maana ambayo wa ndani wanaijua na wa nje wanaibahatisha. Ushuhuda ukapata umbo lake: nilikuwa hivi, nikavunjwa hivi, leo niko hivi. Mtu ambaye maisha yake hayakwenda kwa mpango huo, aliyempenda Mungu polepole tangu utotoni bila siku wala saa, akajikuta hana la kusema na hana pa kukaa.

Watu wanaoota moto hukaa wakiuelekea. Anayepita njiani usiku huona migongo yao.

Oktoba 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, kwa sababu hawakukubali kuacha kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri walivyoona wao. Wakubwa wa chuo waliona fujo. Ndugu wa Uamsho waliona mateso kwa ajili ya kweli. Sina haja ya kuamua leo nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni kwamba kufukuzwa pamoja kunawafunga watu kwa kamba ambayo mahubiri hayawezi kuisuka. Miaka thelathini baadaye moto ule ule uligawanyika wenyewe kwa wenyewe. Likatoka kundi la walioamka upya, wakiwaona wenzao wamelala, na miongoni mwa alama za aliyeamka ikawa kutokopa. Deni likawa mpaka wa wokovu. Mnaweza kushangaa, lakini kila jumuiya iliyomo katika ukumbi huu ina deni lake: urefu wa nguo, soda, suruali, aina ya ngoma, namna ya kunyoosha kidole katika sala.

Sisemi haya kuwadharau ndugu wa Uamsho. Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na pia wakakataa kushika bunduki ya serikali ya kikoloni, na wako walioilipia misimamo yote miwili kwa damu. Rwanda, mchungaji Yona Kanamuzeyi aliuawa Januari 1964 kwa kuwa hakuacha kuwahudumia wakimbizi waliojaa Nyamata. Hao walitoka kwenye duara la waota moto.

Hapa kwetu, ukafika mwaka 1972 na mauaji yake ya kikabila. Kati ya waliouawa walikuwamo walimu, wachungaji, mapadri na makatekista. Uamsho ulikuwa umekwisha kaa nchini zaidi ya miaka thelathini. Nimewauliza wazee wa Matana juu ya mwaka ule kwa upole, na wao wakanijibu kwa upole, na nilichobaki nacho ni hiki: katika vile vyumba vyetu vya nuru, tuliungama pombe, tuliungama uzinzi, tuliungama kusengenya. Ni mara chache mno tuliungama kabila. Lilikuwa limekaa nyuma ya migongo yetu, upande wa giza, na sisi tukiutazama moto.

Sasa niseme juu ya jeraha, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ni habari ya juzi na wengi wenu mnaijua.

Mlima wa Businyiza, huko Kayanza. Mwanamke kijana, Eusebie Ngendakumana, ambaye nchi nzima ilimwita Zebiya, alisema Bikira Maria anamtokea. Kila tarehe 12 ya mwezi watu walikuwa wakipanda huko kusali. Walikuwa Wakatoliki, rozari mikononi, nyimbo zile zile za parokia. Kanisa lao halikuyakubali hayo matokeo na liliwakataza kwenda. Wao waliendelea kupanda. Serikali nayo ikawaona ni wakorofi. Tarehe 12 Machi 2013 polisi waliwafyatulia risasi mahujaji, na watu wasiopungua 9 wakafa.

Nakumbuka nilivyozipokea habari zile hapa mjini. Nilisikitika, kisha nikasema neno ambalo wengi tulilisema: hawa nao wana wazimu. Nililisema nikiwa nimekaa na watu wa dini, na hakuna aliyenikemea. Leo ninaliungama mbele yenu.

Zebiya alikimbilia Rwanda. Wafuasi wake wengi walivuka kwenda Kongo, na zaidi ya elfu mbili wakafika Kamanyola, kwenye bonde la Rusizi, pale mipaka ya nchi tatu inapokaribiana. Mwendo wa asubuhi moja kwa gari kutoka hapa tulipo. Walijipanga wenyewe, wakasali kwa saa zao, wakalea watoto wao. Wakaja watu wa mashirika na mashine ya kuandikisha wakimbizi, ile ya kuweka vidole na kupiga picha ya jicho. Walikataa. Wakaletewa chanjo za watoto. Walikataa. Kwa watu waliokwisha kataliwa na askofu, wakapigwa risasi na polisi, wakachekwa na mji, mashine inayotaka kidole chako haikuonekana msaada. Ilionekana kama ile alama ya mnyama ambayo kitabu cha Ufunuo kinaonya. Nawaomba msikimbilie kutikisa vichwa. Jiulizeni: ni nani aliyewahi kuwaendea bila kutaka kitu mkononi mwao?

Tarehe 15 Septemba 2017 kulitokea mzozo pale Kamanyola kati yao na vyombo vya usalama vya Kongo. Askari walifyatua risasi, na Warundi zaidi ya 30 wakauawa. Machi 2018 waliobaki, kama 2,500, walivuka kwenda Rwanda kwa miguu. Huko nako wakaombwa vidole, wakakataa, wakaletewa chanjo, wakakataa. Mwanzoni mwa Aprili 2018 zaidi ya 1,500 walirudishwa Burundi. Nchi tatu katika miaka mitano, na kila mpaka waliouvuka uliwafanya wawe wadogo zaidi na wagumu zaidi.

Nani aliufunga mlango wa Businyiza? Wao wenyewe walipiga misumari yao, hilo sikatai, na mtoto asiyechanjwa anaweza kufa kwa msumari huo. Lakini mikono mingine iliyoshika nyundo ilikuwa yetu. Kundi linalosukumwa hupata ushahidi kila siku kwamba ulimwengu ni mbaya, na kiongozi wake hahitaji hata kuhubiri: anaonyesha tu makaburi.

Kuna kufungwa kwa namna nyingine, na sitaki mkuchanganye na huku. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la sala la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Kenya, tangu Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini wa kundi jingine ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola. Huko Kanungu waumini walikuwa wamekatazwa kuongea. Walielewana kwa ishara za mikono. Nikitembelea jumuiya yoyote, yangu au yenu, dalili ninayoiogopa kuliko zote ni hiyo ya ukimya. Mapambo ya ajabu hayanitishi, wala kufunga siku nyingi, wala maono. Natazama kama binti aliyejiunga bado anampigia mama yake simu, na kama mama akija mlangoni anakaribishwa chai. Pale ambapo mtu hana ruhusa ya kuzungumza na aliyemzaa, msisubiri. Nendeni.

Nimesema mengi juu ya kufungwa. Nakuja kwenye kufunguka, na nitawaeleza mahali nilipokuona kwa macho yangu.

Kibimba iko kwenye barabara ya kutoka hapa kwenda Gitega. Misheni yake ilianzishwa mwaka 1934 na Arthur Chilson na familia yake, Wamarekani kutoka Kansas, watu wa Kanisa la Marafiki, wale tunaowaita Waquaker. Ni kanisa ambalo tangu karne ya 17 huko Uingereza limejulikana kwa kukataa vita. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walikusanywa wakachomwa moto ndani ya jengo la kituo cha mafuta, kando ya barabara hiyo hiyo. Zaidi ya 70. Mkuu wa shule alikuwa mmoja wa waliohukumiwa kwa mauaji hayo. Kwa hiyo msidhani kanisa la amani lina kinga. Lilikuwa limefundisha amani miaka sitini, na amani ile ikawa mali ya ndani, ya wimbo na ya darasa la Jumapili.

Mwaka 1994 Kibimba ilikuwa imekatika vipande. Watutsi walionusurika walikuwa kambini, Wahutu wako milimani, askari katikati. Kikundi kidogo cha watu wa kanisa hilo na majirani wao, Wahutu, Watutsi na Watwa, walianzisha kamati ya amani. Hawakuanza na mkutano wa injili, na katika habari yote ya Kibimba hili ndilo linalonishika zaidi. Walianza na mambo ambayo hakuna upande ungeweza kuyafanya peke yake: shule ifunguliwe, hospitali itibu mtu wa kambini na mtu wa mlimani. Mpira wa miguu ukachezwa, na hata askari wakacheza. Mtu aliyeogopa kumpa mwenzake mkono alijikuta anampa pasi. Mwaka 1996 likazaliwa shirika la MiPAREC, na kamati za namna hiyo zikaanza kuota mahali pengine nchini.

Mmoja wa watu wa kanisa hilo, David Niyonzima, alikuwa mwalimu wa shule ya wachungaji huko Kwibuka mwaka 1993. Askari walipoivamia shule, wanafunzi wake 8 waliuawa. Yeye alijificha akanusurika. Angeweza kuijenga jumuiya ya walionusurika, yenye haki yote ya kuwaogopa wengine. Mwaka 2000 alianzisha THARS, shirika la kutibu majeraha ya moyo, na milango yake haimwulizi mtu anasali wapi.

Tangu mwaka 2003 Marafiki wamekuwa wakiendesha semina za siku tatu za uponyaji. Watu kama 20, nusu upande huu, nusu upande ule: mjane, mtu aliyetoka gerezani, mtu wa kambini. Nilihudhuria moja. Siku ya tatu mnafanya zoezi la kuongozana. Mmoja anafungwa kitambaa machoni, mwenzake anamshika mkono na kumtembeza nje, kwenye mawe, kwenye mtaro, mahali penye miiba. Nilipangwa na mwanamke mzee wa upande mwingine, ambaye siku mbili za kwanza hakunitazama. Nilifungwa macho mimi. Mkono wake ulikuwa mkavu, mgumu kama wa mtu anayelima kila siku. Tulipofika kwenye mtaro alisimama, akainama, akaushika mguu wangu wa kulia kwa mikono yake yote miwili akauweka ng'ambo. Kisha wa kushoto. Hakusema neno. Nimesikiliza mahubiri maisha yangu yote na sijawahi kuhubiriwa namna ile.

Nimejifunza hapo kwamba jumuiya haifunguki kwa kuamua kupenda watu wote. Maamuzi hayo tunayo tele, yameandikwa ukutani. Hufunguka inapojitwisha kazi ambayo watu wake peke yao hawaiwezi, ikalazimika kuomba mkono wa mtu wa nje. Kumsaidia wa nje ni rahisi, tunagawa unga na sabuni tunarudi ndani tukiwa vile vile. Kumwomba wa nje akusaidie, hapo ndipo mlango unapotikisika. Wahenga wa Kiswahili waliliona: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ndugu zangu Waislamu wa Buyenzi, na kwenu kuna historia ya kukumbushana. Familia nyingi za zamani za kartie yenu zinatoka Umanyema na Ujiji. Basi kumbukeni mtoto mmoja wa Umanyema aliyeletwa pwani akiwa mtumwa katika karne ya 19. Akakulia Bagamoyo nyumbani kwa liwali, akajisomea, akapata elimu, na ndiye Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyeitwa Sheikh Ramiya, khalifa wa tarika ya Kadiria, aliyefariki mwaka 1931 akiwa na heshima isiyopitwa na ya mtu yeyote mjini pale. Pwani ya wakati ule ilikuwa na safu zake: nani anakaa mbele msikitini, nani anasoma maulidi, nani anaitwa mstaarabu. Katika zikri ya Kadiria aliyekuwa mtumwa jana alisimama bega kwa bega na mwungwana, wakipumua jina moja. Mlango huo haukufunguliwa kwa hotuba juu ya usawa. Ulifunguliwa kwa sababu aliyeongoza zikri alikuwa yule ambaye safu za zamani zingemweka nyuma.

Na lugha. Mombasa, mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kutoa gazeti dogo kwa Kiswahili, Sahifa, na mwaka 1932 likafuata Al-Islah. Elimu ya dini ilikuwa imekaa ndani ya Kiarabu, na waliokijua walikuwa wachache. Yeye aliandika ili muuza duka asome. Jaribuni nanyi jambo dogo: wiki hii chukueni ushuhuda wenu mnaoupenda, ule mnaousema kwa maneno ya ndani, mkamsimulie mama muuza ndagala pale soko la Ruvumera. Pale atakapouliza "maana yake nini?", hapo pana msumari.

Buyenzi hii hii, katika miaka ile ya 1993 na kuendelea, mji ulipokuwa ukigawanywa kartie kwa kartie, ilibaki mahali ambapo Mhutu na Mtutsi waliweza bado kuonana, na wengi walifichwa katika nyumba za majirani. Haikusalimika: Machi 1995 Bwiza na Buyenzi zilishambuliwa. Lakini nadhani uwezo ule wa kuficha jirani haukutoka kwenye hotuba ya Ijumaa peke yake. Ulitoka kwenye nyua zinazopakana, kwenye futari inayovuka ukuta, kwenye watu waliozoea kukopeshana chumvi.

Kituo cha Vijana cha Kamenge mnakijua. Kilianzishwa mwaka 1991 na wamisionari Wasaveriani, kikawekwa kati ya kartie za kaskazini, ambako vita vilipokuja kijana wa Ngagara na kijana wa Kamenge walikuwa wakiambiwa wauane. Pale kulikuwa na maktaba, viwanja, masomo ya lugha na ya kompyuta. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Waanzilishi ni watu walioweka nadhiri, wanaosali kila alfajiri. Hawakuificha imani yao, na hawakumlipisha kijana imani hiyo mlangoni. Kuna wanaosema hapo dini imepotea. Mimi nasema sijaona mahali katika mji huu ambapo dini ilifanya kazi yake waziwazi kuliko pale.

Neno moja juu ya vipaza sauti, maana najua vijana mmepanga kampeni mwezi ujao. Kuweka spika nne barabarani usiku kucha hakumfanyi jirani awe karibu nanyi. Ana mtoto mgonjwa, anataka kulala. Mkitaka kumfikia, ulizeni mtoto anaumwa nini.

Nilikuwa nimewaambia habari ya mlango wetu na sikuimaliza. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika ukaimeza Gatumba. Maelfu ya watu walibaki bila nyumba, na baadhi yao walikuja mjini kwa jamaa na marafiki. Mmoja wa mama zetu alikuwa na jamaa zake huko. Wakaja usiku, na jamaa za jamaa zao, na majirani zao, na magodoro yaliyolowa. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, ikabidi waletwe nyumba ya maombi. Kulikuwa na mzee aliyepooza, amebebwa kitandani na vijana wanne. Kitanda hakikupita uchochoroni. Walikiinamisha, wakakisimamisha, mzee akawa anateleza, mvua inanyesha. Fundi yule yule aliyepiga misumari, sasa ana mvi, alikwenda nyumbani kwake akarudi na mtaimbo. Misumari ilikuwa imeshika kutu, mmoja ukakatika ndani ya mbao, ukabaki humo.

Walikaa nasi wiki nyingi. Wengine walikuwa Waislamu, na asubuhi ya kwanza baba mmoja aliuliza kwa haya kibla kiko upande gani. Wazee wetu walitazamana. Kisha mmoja wao akaenda kukisia kwa jua, akasema kaskazini, kidogo mashariki, na vijana wakasogeza mabenchi. Mama muuza ndagala, si yule wa utoto wangu, binti yake, akawa analeta samaki waliobaki jioni na kutua beseni pale pale kizingitini.

Siku moja tulijaribu kuufunga mlango kwa sababu ya baridi. Ubao ulikuwa umevimba kwa mvua, ukakataa kuingia kwenye fremu. Fundi akasema ataleta randa kesho aupunguze. Mzee wetu akamwambia asubiri kwanza, kuna watu wengine wanashusha mizigo nje.